Ukionyeshwa Mahali pa Kuvua

Maneno haya yalisemwa na mmoja wa wahudumu wetu wa kesi kwenye kikao cha familia cha Jumamosi ya mwisho ya Mei, hapa Grand Rapids, Michigan. Tumeyaandika kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku hiyo.

Wazazi wangu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, nawasalimu wote.

Vikao vyetu vingi ni vya karatasi. Leo karatasi zipumzike, tuongee samaki. Mwezi huu peke yake watu wanne wameniuliza swali lilelile, mmoja akanisimamisha hata kwenye mlango wa kliniki: "Mwanangu, hapa samaki wanavuliwa wapi?" Naelewa swali hilo linakotoka. Wengi wenu mmetoka Baraka, Fizi, Uvira, Kalemie, na wengine Rumonge, ng'ambo ya ziwa lilelile. Mlikua mkila mikeke na ndakala. Halafu vikaja vita, halafu Lugufu au Nyarugusu, ambako hapakuwa na ziwa, na ukitaka kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini ilikuwa lazima uwe na kibali. Samaki tukawa tunamwona sokoni tu, mkavu, anapimwa kwa kikombe. Kuna vijana hapa ambao wamekula dagaa maisha yao yote lakini samaki aliye hai walimwona mara ya kwanza Marekani. Sasa mmefika Michigan, jimbo linalopakana na manne kati ya yale Maziwa Makuu matano, na ndani yake kuna maziwa madogo zaidi ya 11,000. Lazima mtu aulize.

Nitawajibu. Ila kwanza nitawaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe mwaka 2015, kwa sababu mwaka jana nimeona familia mbili zikilirudia, na sitaki ya tatu.

Wakati huo nilikuwa na miaka miwili hapa. Nilifanya kazi kiwandani zamu ya jioni, chuo nilikuwa bado sijaanza. Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya kambini: kusoma naweza, kuandika naweza, lakini Mmarekani akiongea haraka nasikia upepo tu. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja wa miaka sabini hivi, fundi bomba aliyestaafu. Siku moja nilimkuta gereji imefunguliwa, anafunga ndoana kwenye mishipi. Nikasimama kuangalia. Akaniuliza kama navua. Nikamwambia baba yangu ni mvuvi. Sikusema neno jingine, na wala halikuhitajika. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri alikuwa mlangoni kwangu na kahawa mbili.

Kwanza alinipeleka dukani kukata leseni. Nililipa dola 26 nikinung'unika moyoni: maji ya Mungu, samaki wa Mungu, risiti ya nini? Halafu tukaenda ziwani. Ziwa lenyewe sitalitaja. Mtaelewa kwa nini. Niseme tu kwamba ni upande wa kaskazini, unaacha lami, unafuata barabara ya changarawe mpaka kwenye nyumba ya mama mmoja mjane. Yule mzee alisimamisha gari, akateremka, akagonga mlango, wakaongea kidogo na kucheka. Ndipo tukapita kando ya ua wa yule mama kwa njia nyembamba mpaka kwenye gati dogo la mbao.

Wazazi wangu, nilivua siku ile. Kuna samaki hapa wanaitwa bluegill, wapana kama kiganja, kifua rangi ya chungwa, nyama nyeupe na tamu. Wanakula mnyoo wa kawaida wa udongoni. Sheria inaruhusu 25 kwa mtu kwa siku, na kabla ya saa tatu asubuhi nilikuwa nimekaribia. Nilikuwa sijavua tangu nilipokuwa mtoto mdogo, nikikaa tu kwenye mtumbwi wa baba. Nilipomshika yule wa kwanza mikono ilinitetemeka, na mzee akajifanya anaangalia upande mwingine.

Tukiwa garini kurudi, aligusa kofia yake kwa kidole, akasema sentensi moja, akacheka. Sikuielewa. Nikacheka pia. Nikasema, "Yes, yes."

Hapa nisimame kidogo. Hii "yes" ya kutoelewa mnaijua. Tunaisema hospitalini, tunaisema kwa mwenye nyumba, tunaisema kwa mwalimu wa mtoto. Tunaisema kwa heshima, kwa sababu kwetu kumwambia mtu mzima "sijakuelewa, rudia" ni kama kumsumbua. Lakini huku "yes" ni ahadi. Yule mzee alikuwa ameniomba nisimwambie mtu mahali pale. Mimi nikaahidi, bila kujua nimeahidi.

Nilirudi nyumbani na samaki, nikagawa kwa majirani zetu, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Kilichofuata mnakijua. "Umewatoa wapi?" Kwetu mtu anayeficha penye riziki ni mchoyo, na mchoyo hazikwi na watu wengi. Mama zetu waliniuliza, ningewaficha vipi? Jumapili iliyofuata baada ya ibada nikaongoza magari matatu. Tulikuwa watu kumi na sita. Tulikuwa na jiko la mkaa, redio, na watoto wakaogelea. Mlango wa yule mama sikuugonga. Niliona gari lake halipo, nikasema atakuwa anajua sisi ni watu wa mzee. Nilijiona mtu mwema sana siku ile. Kijana mmoja akapiga video, akaitia kwenye kundi la WhatsApp pamoja na ramani ya kufika.

Wiki hiyo wakaenda watu ambao hata mimi sikuwafahamu. Wakaegesha kwenye majani ya yule mama. Walibeba samaki kwa ndoo, hata wadogo kama kidole gumba. Mtu alijisaidia nyuma ya banda lake. Mishipi iliyokatika ikaachwa ukingoni, na bata mmoja wa maji akajifunga miguu, yule mama akamkuta asubuhi. Alhamisi kulikuwa na mnyororo njiani na kibao cha kukataza kuingia.

Yule mzee alikuja kwangu jioni. Hakupaza sauti. Alikaa kwenye ngazi za mbele ya nyumba, akaongea polepole ili nielewe, na safari hii nilielewa kila neno. Alisema: nimepita njia ile miaka kumi na tisa. Kila majira ya baridi ninamwondolea yule mama theluji mlangoni. Njia si yangu, ni yake, aliniazima. Na mimi nikakuazima wewe.

Akaondoka. Mwezi mzima alikuwa akiniona ananiinulia mkono, lakini hasimami.

Nilikuwa na hasira, nisiwafiche. Usiku nikampigia baba simu, yuko Nyarugusu mpaka leo, nikataka anifariji. Nikamwambia wazungu wa huku ni wachoyo hata wa samaki ambao hawakuwafuga. Baba akaniuliza ilivyokuwa, nikamwambia yote. Akanyamaza hadi nikafikiri simu imekatika. Halafu akasema, "Nani alikufundisha kuweka taa yako juu ya taa ya mwenzio?"

Naona wazee pale mbele wanatikisa kichwa. Ninyi mnajua. Kwa vijana nieleze. Kwenye Ziwa Tanganyika ndakala huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Mvuvi anawasha karabai juu ya maji, anangoja, na samaki wanakusanyika kwenye mwanga polepole, saa nyingi. Ukija na taa yako ukaiwasha karibu, wale samaki aliowangojea wanagawanyika, na usiku wake umeuharibu. Baba alisema mitumbwi yao ilikuwa inakaa mbalimbali. Ukitaka kusogea unaita kwa sauti kwanza, unangoja ujibiwe. Ukitaka kupita unapita nyuma, kwenye giza. Na mtu wa kijiji kingine akikuonyesha mahali mikeke wanakokula, unarudi pale ukiwa na yeye, au unampelekea samaki. Huendi kuita kijiji chako.

Mimi nilikimbia nikiwa na miaka saba. Mambo hayo sikufundishwa, kwa sababu kule tulikokimbilia hapakuwa na mtumbwi wa kufundishia. Nikawa nadhani kila sheria ya maji ni kitu cha Wazungu na karatasi zao. Baba hakuwahi kufika Marekani, lakini alimwelewa yule mzee kuliko mimi niliyeishi naye ukuta kwa ukuta.

Akaniambia niende nikaombe radhi, na si kwa simu. Nikaenda na mama mdogo wangu, maana kwetu hukumwendei mtu mzima kuomba msamaha peke yako kama mwizi aliyekamatwa. Yule mjane alitufungulia mlango nusu. Nikasema kosa ni langu, sikutaja wengine. Tukamwomba ruhusa ya kusafisha ukingo. Tulifanya kazi Jumamosi mbili, tukaokota mishipi, makopo, hata makaa tuliyomwaga. Jumamosi ya pili alitoka na vikombe vya kahawa, akamuuliza mama mdogo maswali kuhusu watoto. Majani yalipoanza kubadilika rangi alimrudishia yule mzee njia yake. Sisi hakuturudishia. Ardhi ni yake, na hiyo ni haki yake. Sijakanyaga pale tena mpaka leo, na kila nikipita barabara ile kubwa naangalia upande ule.

Basi. Hilo ndilo kosa langu. Sasa niwaambie nilichojifunza baadaye, na nilikijifunza kwa yule yule mzee, kwa sababu Septemba alinigongea mlango tena.

Safari hii alinipeleka mahali ambapo si pa mtu: Mto Grand, hapa hapa katikati ya mji, kwenye bwawa la Sixth Street. Mtu yeyote mwenye leseni anaweza kuvua pale. Kila mwaka, Septemba na Oktoba, samoni wanapanda kutoka Ziwa Michigan kwenda kutaga mayai, wakifika pale ukuta wa bwawa unawazuia, wanajaa. Pembeni kuna ngazi ya samaki iliyojengwa mwaka 1974, wanaruka daraja moja baada ya jingine mpaka wanapita. Wapelekeni watoto wakaone, ni bure. Lakini kwenye ngazi yenyewe havuliwi mtu samaki. Na samoni wenyewe ni wageni huku kama sisi: waliletwa Michigan kutoka pwani ya Pasifiki miaka ya 1960.

Ukifika pale asubuhi ya Septemba utaona watu wamejipanga majini, suruali za mpira mpaka kifuani, bega karibu na bega. Utadhani ni vurugu. Simama ukingoni dakika kumi uangalie kabla hujatoa ndoana yako. Mzee alinilazimisha kufanya hivyo, na nilichukia, lakini zile dakika kumi zilinifundisha zaidi ya kitabu. Niliona kwamba wote wanarusha kwa zamu fulani, mishipi inasafiri na maji pamoja, haikatizani. Niliona kwamba mtu mpya haingii mbele ya aliyetangulia. Anapita nyuma yake, nchi kavu, anamfikia wa mwisho, anauliza. Maneno ni machache: "Mind if I fish here?" Yaani, una neno nikivua hapa? Yafundisheni wazee wenu nyumbani, ni rahisi kuliko salamu zetu. Na akikwambia yuko karibu kuondoka, ngoja. Akikwambia hapana, nenda mbele kidogo bila kununa. Nimeuliza mamia ya mara, na waliokataa nawahesabu kwa vidole.

Kuna neno jingine utalisikia likipigwa kelele: "Fish on!" Maana yake mtu amenasa samaki mkubwa. Wewe vuta mshipi wako utoke majini upesi, usogee, umpishe, hata kama yeye ndiye aliyekuudhi dakika tano zilizopita. Samoni anaweza kumburuta mtu chini ya mto hatua mia, na wote njiani wanampisha. Mara ya kwanza nilipomnasa wangu nilisahau kupiga kelele, nikakimbia naye kimya kimya kama mwizi wa kuku, mishipi ya watu wanne ikasukwa pamoja. Nilitegemea matusi. Mtu wa kwanza akatoa kisu, akakata mshipi wake mwenyewe ili wangu usikatike, akasema nenda, nenda. Sijui jina lake. Baadaye nilimpelekea pakiti ya ndoana akakataa, akasema mfanyie hivyo mwingine.

Sheria moja niitilie mkazo, kwa sababu inawaletea watu wetu faini. Samaki lazima ajinase mwenyewe mdomoni. Akinaswa mgongoni, tumboni au mkiani, hata kwa bahati mbaya, hata akiwa mkubwa kama mtoto wako, unamrudisha majini palepale. Wakati wa samoni maji yanakuwa yamejaa, na mtu aliyetoka kambini akiona chakula kingi hivyo kinapita bure anataka kumkwapua kwa ndoana au kwa mikono. Usifanye. Na usikanyage changarawe safi zilizochimbwa kama bakuli chini ya maji, ndimo wanamotaga. Utaona samoni wanaokufa baadaye, wameoza huku wakielea. Hawajapewa sumu. Wakishataga hufa, ndivyo walivyoumbwa.

Leseni: kila mwenye miaka 17 na zaidi lazima awe nayo, na ile ya mwaka inakwisha Machi 31. Wazee wa miaka 65 hulipa kidogo. Watoto chini ya miaka 17 hawahitaji, ila sheria nyingine zote zinawahusu. Kila samaki ana urefu wake na idadi yake. Bass, kwa mfano, kwa sehemu kubwa ya jimbo hachukuliwi akiwa chini ya inchi 14. Nyavu za kutega kama za kwetu ni marufuku kwa sisi wa kuvua kwa kujifurahisha. Njooni ofisini, tunazo rula za kupimia na tutawasomea kitabu cha sheria. Pia Idara ya Afya ya jimbo ina mwongozo unaosema samaki wa ziwa gani waliwe mara ngapi kwa mwezi, kwa sababu ya zebaki na kemikali nyingine. Mama wajawazito na wenye watoto wadogo, mwongozo huo tuusome pamoja kabla hamjapika. Kwa ufupi, wale wadogo kama bluegill kwa kawaida ni salama kuliko wakubwa wazee wanaokula wenzao.

Sasa afisa wa maliasili. Huyu nimsemee kwa uzito. Anavaa sare, ana bunduki, ana mamlaka ya polisi. Mwaka jana kijana wetu mmoja alimwona anateremka ukingoni, akaacha fimbo yake, akakimbia. Alikuwa na leseni mfukoni! Hakuwa na kosa hata moja, ila miguu yake ilikumbuka askari wa zamani. Kukimbia kule ndiko kulikogeuza asubuhi ya kawaida kuwa siku nzima ya maelezo, na mimi nikaitwa kutafsiri. Kazi ya afisa yule ni samaki: leseni, idadi, vipimo. Akija, baki ulipo, msalimu, mikono ionekane, onyesha leseni, fungua ndoo. Usipoelewa, usiseme "yes." Sema huelewi Kiingereza, taja Kiswahili, utupigie simu.

Wala sitawadanganya kwamba wote majini wana adabu. Wapo wa kukwambia urudi ulikotoka. Mimi nimeambiwa, na mtu ambaye alikuwa ameacha makopo matano ya bia nyuma yake. Usijibizane, hasa ukiwa na watoto. Sogea. Akikutishia, ondoka uripoti, na sisi tutakusaidia kuripoti. Lakini pia jifunzeni kutofautisha. Mzee akikwambia kwa sauti kavu "unarusha juu ya mshipi wangu," huyo hakuchukii. Anakufundisha, kwa lugha ya watu wasiosalimiana.

Narudi kwenye lile swali la mama zetu, maana ndilo gumu. Mtu amekuonyesha mahali, umepata samaki, jirani yako ana watoto sita na anakuuliza umewatoa wapi. Ufanye nini? Mimi nafanya hivi. Samaki ninampa, wasafi, tayari kwa kikaango. Ninamwambia ukweli: mahali pale nimeazimwa, ngoja nimwombe mwenyewe. Kisha namuuliza kweli aliyenionyesha: "Naweza kumleta mtu mmoja?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, kwa mtu mmoja. Na mtu huyo nakwenda naye mimi mwenyewe, sipeleki ramani kwenye simu. Tukifika tunagonga mlango kama yupo mwenye ardhi. Jirani akikasirika kwa siku mbili, atakasirika. Yule mama mjane amekasirika miaka kumi.

Lakini mahali pa umma, papigieni ngoma! Huko hakuna siri ya mtu. Riverside Park, hapa mjini, mto uko palepale na kuna vidimbwi vya watoto. Millennium Park, maziwa na nafasi ya kuchoma nyama. Ukiwa na gari, gati la Grand Haven, ambako mto huu unaingia Ziwa Michigan. Ila siku ya upepo msiende, mawimbi yanapanda juu ya saruji na yamekwisha kuua watu kwenye magati ya ziwa lile. Hata hapo pa umma, ukikuta familia imekaa kona yake, kaa mbali nayo. Majira ya baridi mkienda kwenye barafu na watu wanaoijua, msitoboe shimo karibu na kibanda cha mtu. Ni taa juu ya taa.

Na kama mahali pazuri pa kuvua ni pako, umepatafuta mwenyewe, una hiari. Kuwa na sehemu yako moja usiyoisema si uchoyo huku. Hata mimi ninayo. Nimempeleka mke wangu, na yeye amenyamaza vizuri kuliko mimi.

Mwaka jana yule mzee alinionyesha mahali pengine. Tukiwa garini akagusa kofia yake, akasema sentensi ileile ya mwaka 2015. Sikusema "yes." Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha chuo, anieleze maana yake neno kwa neno na mwisho wake ni nini: hata mke wangu? Hata bosi wangu? Alicheka mpaka akasimamisha gari kando ya barabara.

Tangazo la mwisho. Kila mwaka Michigan inaruhusu watu kuvua bila leseni wikendi mbili, moja Februari na moja Juni. Vipimo na idadi vinabaki vilevile. Ile ya Juni inakuja, na Jumamosi hiyo ofisi yetu itapeleka familia Riverside Park, saa mbili asubuhi, saa mbili ya kweli. Fimbo tunazo kumi na mbili, kwa hiyo tutapeana zamu. Makoti ya kuelea ya watoto yapo. Wazee mliovua Tanganyika, njooni hata kama mgongo unauma, vijana hawa hawajui kufunga ndoana. Baba yangu ameomba apigiwe simu ya video tukiwa majini, kwa hiyo mjiandae kukosolewa. Yule mzee naye atakuwepo kwenye kiti chake cha kukunja, magoti yamemchoka lakini macho yanaona kila mshipi. Msalimieni, mkaribisheni chapati. Ziwa lake msimwulize.

Minyoo chimbeni wenyewe nyuma ya nyumba zenu, na kwanza mumwombe mwenye nyumba.